Kijivu, fundi wa ngome za kuchezea aliyepotewa na rangi

Saa tatu asubuhi, feni ya karakana inazunguka kivivu juu ya meza ndefu zilizojaa minara nusu nusu. Mwanamume mrefu aliyevaa koti la kazi amepiga magoti mbele ya ukuta wa ngome unaomfika kifuani. Anaubomoa. Anachomeka ncha ya kisu butu katikati ya vitofali viwili vya plastiki, anabinya, vinaachana, anavitosa kwenye beseni la maji ya sabuni. Kisha anapapasa viwili vinavyofuata.

Ukuta wenyewe ni mzuri. Mawe yake yametokeza na kudidimia, kuna nyufa, kuna mahali pameliwa kana kwamba mvua imekuwa ikipiga hapo tangu enzi za mababu. Lakini una kasoro ambayo hata mpita njia angeiona. Juu kabisa, kunakopigwa jua, ukuta umeota ukungu wa kijani. Chini, ambako ungetarajia unyevu, ni mweupe kama unga. Katikati umetapakaa madoa ya rangi ya waridi, kama mtoto mwenye surua.

"Huu niliujenga mwenyewe," anasema fundi bila kuinua kichwa. "Basi acha niuzike mwenyewe."

Hapa karakanani hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wote wanamwita Kijivu, na kwa zaidi ya miaka ishirini jina hilo lilikuwa sifa. Leo wanalitamka kwa sauti ya chini, na wengine wameanza kumwita "mzee" tu. Yeye anasema afadhali matusi kuliko huruma ya namna hiyo.

Karakana hii hujenga ngome za maonyesho kwa vitofali vya kuchezea, zile zinazowekwa kwenye madirisha ya maduka ya watoto na kwenye vyumba vya kusubiria vya zahanati. Ngome hukodishwa, hukaa huko miezi kadhaa, kisha hurudi, hubomolewa, vitofali huoshwa na kutengwa rangi kwa rangi ili vijenge ngome nyingine. Kuna fundi wa minara, kuna fundi wa milango na madaraja. Kijivu alikuwa fundi wa kuta. Kazi yake ilikuwa kuchanganya rangi na kuupa ukuta mparuzo, mpaka plastiki iliyotoka kiwandani jana ionekane jiwe la kale.

Najua msomaji anachofikiri, kwa sababu nami nilifikiri hivyo hivyo nilipoingia: mtu mzima na ndevu zake anacheza na vitu vya watoto. Kijivu amezoea kuchekwa. Aliniambia kwamba mtoto akijenga ukuta wa rangi moja anapata ngome, lakini mtu mzima akijenga ukuta wa rangi moja anapata choo.

Alinieleza jinsi alivyokuwa akifanya kazi, na mikono yake ilikuwa ikionyesha kila hatua hewani. Anachukua beseni. Anamimina kijivu cha saruji kwa wingi, kwani ndicho mwili wa ukuta. Anaongeza kijivu cha mvua, ambacho kimekolea zaidi. Anatia konzi chache za vitofali vizee vilivyogeuka manjano kwa jua, vile ambavyo mafundi wengine huvitupa. Hudhurungi kidogo. Kwa safu za chini, kijani, maana ukungu hupanda kutoka kwenye udongo. Anavuruga yote kama mtu anayechanganya maharage, kisha anageuza uso pembeni na kuchota bila kutazama. Kitofali kitakachokuja mkononi ndicho kitakachojengwa.

"Jicho lina kiherehere," alisema. "Ukiliachia lichague, litapanga. Moja hiki, moja kile, moja hiki. Mvua haipangi."

Hiyo ndiyo siri ya ufundi wake, na ndiyo iliyomwangusha. Mtu anayechota bila kutazama anaweza kupoteza macho yake mbele ya wenzake, mchana kweupe, na asionekane.

Mkewe ndiye wa kwanza kugundua. Ni mwanamke mfupi, mchangamfu, mwepesi wa kumtania mumewe mbele ya wageni. Anasema yapata miaka minne iliyopita alivaa gauni jipya la hudhurungi, naye Kijivu akamsifia kwamba kijani kile kinampendeza. Alicheka, akidhani ni mzaha wake wa kawaida. Akamwambia naye aache utani. Kijivu akalishika gauni kwenye ukingo, akalisogeza dirishani kwenye mwanga, akaliachia. Chakula cha mchana siku hiyo kililiwa kimyakimya.

Daktari wa macho alimwambia tatizo liko kwenye mishipa ya nyuma ya jicho. Haliponi kwa miwani wala kwa upasuaji. Kwanza zingeondoka rangi, zikifuatana, kisha siku moja maumbo nayo yangeanza kuyeyuka. Kijivu aliuliza itachukua muda gani, akajibiwa kwamba itakwenda polepole. Anasema neno hilo analichukia mpaka leo. Kitu kikikatika mara moja, unalia ukamaliza.

Wakati huo tayari magunia ya vitofali yalikuwa yakienda nyumbani kwake, kwa kuwa pale karakanani hapakuwa na mwingine awezaye kutofautisha kijivu kilichochoka na kijivu kichanga. Mkewe alikuwa akimsaidia kutenga wakiwa wanapiga soga sebuleni, na alijifunza vizuri. Macho ya mumewe yalipoanza kumsaliti, wakafanya jambo lililoonekana dogo. Walipanga ndoo ukutani, kutoka mlangoni hadi dirishani, kijivu cheupe kwanza, kilichokolea kikifuata, kisha hudhurungi, waridi ya milango, na mwisho kabisa kijani chini ya dirisha. Mke anatenga. Mume anahesabu ndoo kwa mkono, anafunga mifuko, na kesho yake anaipanga mifuko chini ya meza yake kwa mpangilio ule ule.

Kwa miaka minne kuta ziliendelea kusifiwa. Mke akawa macho, mume akawa mikono.

Mkewe hakuupenda uongo huo. Alimsihi amwambie tajiri wao ukweli, maana mficha maradhi, kifo humuumbua. Kijivu alimjibu kwamba hafi, anachanganya rangi tu. Wakacheka, mambo yakaendelea. Hata mtoto wao wa kiume na mkewe, wanaoishi nao nyumba moja, hawakuambiwa. Mama anasema walifikiri siri ikibaki ya watu wawili haitavuja. Haikuvuja kweli. Ilipinduliwa na ufagio.

Miezi miwili iliyopita dada wa mke wa Kijivu aliugua, naye akasafiri kwenda kumuuguza. Alimwachia mumewe ndoo zikiwa zimejaa, zimetengwa vizuri, za kutosha kwa kazi kubwa iliyokuwa inakuja: ngome ya dirisha la duka jipya la vitu vya watoto, kubwa kuliko zote ambazo karakana iliwahi kupewa.

Mkaza mwana wao ni binti msafi, na wote nyumbani wanakubali hilo. Alitaka mama mkwe akirudi akute nyumba inang'aa. Akatoa ndoo zote nje, akazifuta, akafagia na kudeki sebule mpaka pembeni, akazirudisha. Alipozirudisha hakuona sababu ya kuziweka ovyo kama zilivyokuwa, ndefu karibu na fupi, pana karibu na nyembamba. Akazipanga kwa kimo.

Jioni Kijivu aliporudi alikuta ndoo ziko kwenye mstari wake, zimejaa, hakuna iliyopungua. Alisikia harufu ya sabuni. Kwenye meza ya chakula alimsifia mkaza mwana wake kwa kuitunza nyumba ya wazee. Kisha akaenda kuhesabu ndoo kutoka mlangoni, kama siku zote, na kufunga mifuko.

Binti huyo nilimkuta jikoni na hakutaka kutoka. Alizungumza nami akiwa amenipa mgongo, anaosha sufuria iliyokwisha takata. "Alinisifia," aliniambia. "Hilo ndilo linaloniua. Baba alinisifia."

Ukuta ulijengwa siku tatu. Mtu atauliza, karakana nzima haikuwa na macho? Nilimuuliza fundi wa minara, mwanamke ambaye meza yake inatazamana na ya Kijivu. Alikiri kwamba aliona kijani kikipanda juu na madoa ya waridi yakitokea, akajisemea labda mteja ameomba ngome ya namna hiyo. Hakuuliza. Nani angemkosoa Kijivu kwenye kuta? Siku ya pili alianza hata kuupenda, akawaza kwamba mzee ameamua kuwaonyesha jambo jipya. Wengine walifikiri hivyo hivyo. Heshima yao ndiyo iliyowaziba midomo.

Tajiri wa karakana alikuwa dukani kwa mteja akisimamia dirisha. Ngome ilifika imefunikwa, ikawekwa mahali pake, kitambaa kikavutwa. Mwenye duka aliitazama kwa muda, akauliza kwa adabu kama ngome inaumwa. Jioni hiyo hiyo ilirudishwa kwa lori.

Yaliyofuata nimesimuliwa na watu watatu, na wote wanayasimulia sawasawa. Tajiri, mama wa makamo anayewaita mafundi wake wote kwa heshima, aliingia karakanani, akachomoa kitofali kwenye meno ya ngome na kumpa Kijivu mkononi.

"Fundi, hiki kina rangi gani?"

Kijivu alikigeuza, akapitisha kidole kwenye vinundu vyake. Alijua ni mtego. Akajibu kwamba ni kijivu cha mvua.

"Na hiki?"

"Bosi, niache."

"Na hiki, mzee wangu?"

Fundi wa minara alikuwa ameshaziba mdomo kwa kiganja. Kitofali cha kwanza kilikuwa kijani kibichi kama jani la mchicha.

Ingekuwa rahisi kuiandika habari hii kama tajiri huyo angekuwa mtu mbaya. Si mbaya. Alilia, na anapoyazungumza bado anajifuta macho. Lakini mteja amekwenda kwingine, mafundi wamepoteza kazi ya msimu mzima, naye hawezi kumweka kwenye meza ya kuta mtu asiyeona kuta. Akamhamishia kwenye kubomoa na kuosha, kwa nusu ya mshahara. Na hata hilo ni la mwezi huu tu. Zamani kila fundi alibomoa ngome yake mwenyewe, na mwezi ujao watarudi kwenye utaratibu huo. Ukuta huu ninaomwona akiubomoa ndiyo kazi yake ya mwisho hapa.

Kabla hawajaagana siku ile, tajiri alimuuliza ni nani basi aliyekuwa akitenga rangi miaka yote hiyo bila kukosea hata kitofali kimoja. Kijivu akamtaja mkewe. Tajiri akafikiri kidogo, akasema: mlete.

Nyumba yao ina sebule ndogo yenye dirisha moja. Ndoo zimekwisha ondolewa, lakini sakafu imebaki na alama za duara kutoka mlangoni hadi dirishani. Kijivu akivuka chumba bado anapita ubavuni mwa ukuta huo, mkono ukiwa chini kidogo, kama mtu anayetafuta vishikio. Mkewe akiona hivyo huangalia pembeni.

Tangu tajiri amtake kazini, mama huyu amekataa katakata. Mumewe amembembeleza, amemkasirikia, amemnunia. Juzi alimketisha mezani na konzi ya vitofali, akamwambia ajenge ukuta mdogo, vingine avilaze ubavu, vingine avisukume ndani, aache na mashimo. Alipomaliza, Kijivu aliupapasa kutoka juu hadi chini. Rangi, nilivyouona mimi, zilikuwa zimekaa vizuri ajabu. Ila ulikuwa laini kama kioo cha dirisha. Kijivu alimshika mkono mkewe, akaanza kumwonyesha mahali pa kusukuma, na mama akaunyofoa mkono wake, akaenda chumbani.

"Nilimficha miaka minne," mama aliniambia. "Nikimpokea magunia mlangoni ili majirani wasione anavyojikwaa. Leo mimi ndiye nikamkalie mahali pake? Watu watasemaje? Watasema nilikuwa nakingoja kiti chake."

"Watu hawali kwetu," alisema Kijivu kutoka kwenye kochi.

"Wewe nyamaza, sijasema na wewe."

Hata hivyo wote wawili wanajua hesabu ya nyumba ilivyo. Mtoto wao anapata vibarua vya hapa na pale, na mkaza mwana ni mjamzito. Mwisho wa mwezi hakutakuwa na mshahara wowote utakaoingia kwa mlango ule, na tajiri amesema atangoja jibu mpaka wiki hii iishe, baada ya hapo atatafuta mtu mwingine.

Kijivu anasema mtu mwingine ndiye anayemwogopa. Mgeni atakuja na macho yake mazuri, atapanga, moja hiki, moja kile, na kuta zote zitakufa. Mkewe angalau anajua kugeuza uso. Hilo hawezi kumfundisha mtu asiyemwamini, na mikono yake bado inakumbuka mparuzo wote, ingawa anakiri kwamba hajui atakayemfundisha kama mwanafunzi mwenyewe anakimbilia chumbani.

Nilimuuliza kama ana amani moyoni.

"Sina," alisema. "Nikikuambia nina amani nitakuwa nimekudanganya, na wewe utawadanganya watu kwenye gazeti. Ndotoni naona rangi zote, hata zile nilizozisahau. Nikiamka zimekwenda. Naamka nimeibiwa, kila siku, na mwizi simwoni."

Mkaza mwana aliingia na chai, akaweka vikombe, akataka kuondoka. Tangu siku ile halii mbele za watu, lakini hali nao pia. Huwaandalia kisha hurudi jikoni. Kijivu alimwita, akamwambia akae. Binti akasimama palepale, ameshika sinia kifuani.

"Mwanangu, hukukosea," alisema. "Ulisafisha nyumba ambayo ilikuwa haikwambii ukweli."

Binti aliitikia, "Ndiyo, baba," akarudi jikoni. Haikusaidia kitu. Kijivu mwenyewe aliona kwamba haikusaidia, akapeleka mkono mezani kutafuta kikombe, akakipata, akakishika bila kunywa.

Nilipoanza kufunga begi langu, mama ndiye aliyezungumza. Alizungumza nami, uso ameuelekeza dirishani, mikono mapajani.

"Andika kwamba nimekubali. Andika nitaanza Jumatatu."

Ndivyo mumewe alivyopata jibu aliloliomba kwa majuma kadhaa, kupitia kwa mgeni. Uso wake haukuchangamka. Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayesomewa hukumu aliyokwisha kuijua.

"Kiti cha pale ni kirefu," alisema hatimaye. "Nilikitengeneza kwa kimo cha miguu yangu. Mwambie wa minara akipunguze kabla hujakikalia."

"Hakikatwi," alisema mkewe. "Nitakaa hivyo hivyo."

"Utafanyaje kazi miguu inaning'inia?"

"Nimesema hakikatwi. Siku ukirudi utakalia nini?"

Kijivu aliweka kikombe mezani kwa uangalifu, akakisukuma mbali na ukingo.

"Mama watoto," alisema, "kikatwe."